Wanaopanda Kili: mnafanyaje miguu ibaki mikavu na ya moto mkishafika kambini?

Pangani_Tanga

Habari za jioni wakuu. Mi mtu wa pwani kabisa, nimekulia Pangani na sasa kazi niko Tanga mjini, baridi kubwa ninayoijua ni ya Lushoto mwezi wa saba. Kazini kuna kikundi kinaenda kupanda Kilimanjaro kwa ajili ya Uhuru, tunatakiwa tuwe kileleni tarehe 9 Desemba, njia ni Machame siku 7, yaani kulala kwenye tenti siku zote, hamna vibanda kama vya Marangu.

Mambo ya kutembea nimeshauliza sana na nimeanza mazoezi. Kinachoniumiza kichwa ni kambini. Dada mmoja wa ofisini aliyepanda mwaka jana ananiambia kutembea hakukumsumbua hata kidogo, shida ilikuwa jioni mkishafika, viatu vimelowa, soksi zimelowa, jua likizama miguu inakuwa kama si yako, afu usiku mzima hulali, unavaa kila kitu ulichonacho na miguu bado ya baridi tu. Na Desemba mwanzoni vuli bado zipo kwa hiyo mvua naitegemea.

Sasa naomba mnisaidie, mkifika kambini mnafanyaje? Soksi zibebwe pea ngapi na za aina gani? Kuna ukweli kwamba ukivaa soksi tatu kwa pamoja ndo unapata joto? Na viatu vikilowa siku ya kwanza vinakaushwa vipi, naweza kuwaomba wapishi nikavianika jikoni kwao? Bajeti yangu si kubwa, vitu vya dukani vya laki mbili tatu siwezi, kama mitumba inafaa niambieni.

Njia_ya_Whiskey

Karibu sana mlimani dada (au kaka, utanisamehe). Mimi naongoza watalii, Machame ndo njia ninayopita mara nyingi, na nimefurahi umeuliza hili kabla hujafika getini manake watu wengi wanakuja na viatu vya gharama halafu kwenye begi wana soksi za pamba za ofisini pea sita wanaona wamejiandaa.

Anza na hili, miguu lazima ikauke kwanza ndo iweze kupata moto. Ukiwa na unyevu kwenye ngozi hata ujifunike nini joto linaondoka tu, kwa hiyo dakika zile za kwanza ukifika kambini ndo zinaamua usiku wako utakuwaje. Watu wanafika Machame Camp saa tisa saa kumi, mwili bado una moto wa kutembea, wanakaa kwenye mawe wanapiga picha wanasubiri chai na soksi zimeloa jasho na tope la msituni, wakija kustuka baridi imeshaingia kwenye mfupa. Wewe ukifika ingia kwenye tenti moja kwa moja, vua viatu, vua soksi, jifute miguu kwa kitaulo au kipande cha kanga kuukuu, katikati ya vidole usiruke, pakaa pauda kidogo, vaa soksi kavu. Hapo ndo utoke ukanywe chai. Fanya hivyo hata kama unaona soksi zako hazijalowa, manake jasho hulioni lakini lipo.

Soksi ziwe za sufu au mchanganyiko wa sufu na nailoni. Pamba iache nyumbani, pamba ikishika maji haiachii na haikupi joto lolote ikiwa imelowa, sufu hata ikiwa na unyevu bado inakusaidia. Pea nne zinatosha kabisa kwa siku 7: mbili za kutembea unabadilishana, moja nzito ya usiku wa kilele, na moja ya kulalia. Hiyo ya kulalia sikiliza vizuri, haitoki nje ya tenti, haiingii kwenye kiatu, haiendi chooni. Ifunge kwenye mfuko wake usiopitisha maji iweke ndani kabisa ya slipingi begi. Ukiivaa kwenda kuangalia nyota tu kidogo, umande ukaishika, basi umeshaipoteza. Na iwe imelegea, isibane kwenye kifundo.

Soksi tatu kwa pamoja hapana. Kiatu kinabana, damu haishuki vizuri kwenye vidole, unakuwa umejiongezea baridi mwenyewe. Ukivaa kiatu chako na soksi nene lazima vidole viweze kucheza mle ndani, kama havichezi punguza soksi au tafuta kiatu kikubwa zaidi.

Viatu jikoni usithubutu. Kwanza tenti ya jikoni ina majiko ya gesi na watu wanapikia chakula chenu mle, pili gundi ya soli ikipata moto wa karibu inaachia, nimeona soli inabanduka yote pale kambi ya Barranco mtu bado ana safari ya kilele mbele yake. Na moto wa kuni hauruhusiwi hifadhini. Kiatu kikilowa unafanya hivi: legeza kamba zote, vuta ulimi wa kiatu uje mbele, toa ile soli ya ndani uikaushe peke yake, kamua maji kwa kitambaa kikavu unakisukuma mpaka puani, ukiwa na gazeti la zamani likunje uliingize ndani na ulibadilishe kabla ya kulala. Jua la mchana kule kambi ya Shira ni kali mno, ukifika mapema na mawingu hayajapanda, saa moja ya jua juu ya jiwe inafanya kazi kubwa. Usiku viatu viingie ndani ya tenti, kwenye mfuko, usiviache pale barazani mwa tenti. Kuanzia Barranco kwenda juu kiatu chenye unyevu ukikiacha nje asubuhi unakikuta kigumu, na kuingiza mguu kwenye kiatu kilichoganda alfajiri sikuombei.

Nikiwa na nafasi nitarudi kwenye habari ya usiku.

Mse_wa_Nanyuki

Salamu kutoka upande huu wa Mlima Kenya. Yote mkuu amesema ni kweli, mimi naongezea ya huku. Sisi tukienda na njia ya Naro Moru kuna ile sehemu ya matope ya kupanda juu, unazama mpaka kwenye muundi, na hapo hakuna kiatu kitakuokoa kama hauna geita, zile za kufunga kutoka kiatuni mpaka chini ya goti. Maji mengi hayapitii kwenye ngozi ya kiatu, yanaingilia juu kwa soksi. Kwa hivyo tafuta geita hata za kukodi, ukifika kambini utaona tofauti, kiatu nje kimejaa tope lakini ndani uko sawa. Njia ya Sirimon ni kavu kuliko hiyo, ndio maana wengi wanaipenda.

Halafu kuna mbinu ya mfuko wa mkate. Umefika kambi, umeshavaa soksi kavu, lakini unataka kutoka nje kwenda choo na kiatu ulicho nacho ni kile kimelowa. Vaa mfuko wa mkate juu ya soksi kavu ndio uingize mguu kwa kiatu. Soksi inabaki kavu. Mifuko miwili haina uzito, ikunje uweke mfukoni. Lakini ni ya muda mfupi tu, ukitembea nayo mbali jasho linakusanyika ndani, unarudi palepale.

Kwa mitumba, soko la Gikomba huku Nairobi unapata soksi za sufu za kutoka Ulaya kwa bei ya soda mbili, na nina imani Moshi pia ziko. Ingiza mkono ndani uangalie kisigino mbele ya mwanga, kama unaona mwanga unapita, sufu imeisha, hiyo wacha.

Swali kwa mkuu wa Machame: viatu vya kambi unapendekeza nini? Mimi natumia Crocs na soksi.

Njia_ya_Whiskey

@Mse_wa_Nanyuki Crocs ni nyepesi na zinakauka haraka, kwa mlima kavu sina neno. Ila kwa Machame mwezi wa Desemba mimi napenda raba za kawaida zilizofungwa, manake kambini kuna mawe na kamba za matenti na usiku unakwenda chooni na tochi, Crocs zina matundu, mvua ikinyesha soksi imelowa. Ndala za vidole ndo hazifai kabisa, huwezi kuvaa na soksi. Kiatu cha pili cha kambini ni lazima, wala usiseme begi limejaa, kukaa kwenye kiatu kilicholowa kuanzia saa kumi jioni mpaka saa tatu usiku ni kuitesa miguu bure na kesho yake unaihitaji.

Mtoto_wa_Arusha

Mi nilishapanda Meru na Kili, ushauri wangu ni mfupi: lala bila soksi, joto la mwili linazunguka vizuri. Na kabla ya kulala piga kidogo Konyagi, inapasha mpaka ukucha.

Nesi_Bomani

@Mtoto_wa_Arusha hapo kwenye Konyagi naomba nikukatalie kwa nia njema kabisa. Mimi ni nesi na nimehudumia watu waliotolewa mlimani. Pombe inafungua mishipa ya damu ya kwenye ngozi, ndo maana unasikia moto, lakini lile ni joto la ndani linatoka nje, baada ya muda mwili unapoa zaidi ya ulivyokuwa. Na kwenye mwinuko inakausha maji mwilini na inavuruga usingizi. Tafadhali usimshauri mtu anayepanda mara ya kwanza.

Kulala bila soksi kunaweza kumfaa mtu ambaye soksi zake zinambana au zina unyevu, ila soksi kavu iliyolegea ni bora kuliko mguu mtupu.

Dada wa Pangani, niongeze ya kitabibu ambayo watu hawayasemi. Mguu ukikaa na maji kwa muda mrefu unaharibika hata kama hapajaganda, ngozi inakuwa nyeupe imekunjamana, inakufa ganzi, baadaye inauma na kuvimba. Kwa hiyo kila siku kuwe na masaa kadhaa ambayo mguu uko mkavu kabisa, na usiku ndo nafasi yake. Kila jioni ukivua soksi angalia miguu yako kwa tochi, chini na katikati ya vidole, malengelenge yafunike mapema. Kama una kisukari hii usiiruke hata siku moja manake unaweza usisikie maumivu, na uongee na daktari wako kabla ya safari.

Kidole kikiwa cheupe au cha kijivu, kigumu, na hakisikii ukikigusa, mwambie kiongozi wako hapohapo. Msisugue, na msikiweke karibu na jiko wala kwenye maji ya kuchemka, mtu hasikii anaungua mpaka imeshakuwa jeraha. Mkiwa juu bado na kuna uwezekano kikaganda tena, mshusheni kwanza, kuyeyusha halafu kugandisha tena ni kubaya zaidi. Kinapashwa kwenye maji ya uvuguvugu wa nyuzi 37 mpaka 39 mahali ambapo hakitarudi kwenye baridi. Ila ubaridi wa kawaida wa jioni, ambao mguu bado unasikia, mwombe mwenzako uweke miguu yako tumboni kwake chini ya koti, aibu weka pembeni, inafanya kazi vizuri.

Jambo lingine: wanaotumia Diamox kwa ajili ya mwinuko, ile dawa inaleta kichomi cha sindano sindano kwenye vidole vya mikono na miguu. Wengi wanashtuka wanadhani wanaganda. Kama kidole kina rangi yake na kinasikia, kuna uwezekano mkubwa ni dawa. Pia inakukojoza sana, kwa hiyo usiku utatoka, viatu vya kambini uviweke mahali unaweza kuvifikia gizani.

Mgumu_wa_Mweka

Mimi ni mpagazi, sisi wenyewe tunajiita wagumu. Nimesoma yote humu na ni mazuri, nataka niseme upande wetu manake miguu kambini haipo ya mgeni tu.

Sisi tunafika kambini kabla yenu tukiwa na mzigo, mwisho kwa sheria ni kilo 20 na getini zinapimwa, tunasimamisha matenti, wengine wanashuka kufuata maji, kwa hiyo muda wa kukaa ukabadilisha soksi haupo mpaka kazi iishe. Wapo vijana wanapanda na raba zilizopasuka na soksi moja, na usiku tunalala wengi kwenye tenti moja. Tunachofanya, kila mtu ana pea moja kavu ameifunga katikati ya nguo, na ile iliyolowa unaikamua mpaka basi, unalala nayo kifuani au kwenye mapaja, asubuhi imekauka au ina unyevu kidogo tu. Ikamue kweli kweli, ukiingiza soksi inayochuruzika kwenye slipingi begi umejilowesha wewe. Chini ya godoro tunatandika salfeti tupu zilizobebea mizigo, manake baridi nyingi ya usiku inatoka ardhini, mtu anajifunika juu anasahau chini. Dada hata wewe, ukiona godoro la foam ni jembamba, koti la mvua likunjue ulitandike upande wa miguu, na begi lako likishabaki tupu ingiza miguu ndani yake ukiwa kwenye slipingi begi yako.

Ombi langu kwa kikundi chenu: siku ya getini waangalieni wapagazi wenu miguuni. Mkiona mtu viatu vyake havifai semeni na kampuni kabla ya kuanza, mkishafika Shira mmechelewa. Pale Moshi kuna KPAP, mradi wa kusaidia wapagazi wa Kilimanjaro, wanawaazima wapagazi nguo na viatu vya mlimani bure, kwa hiyo hamna sababu ya kijana kupanda na raba iliyotoboka. Na mkimaliza safari, soksi za sufu ambazo huko pwani hutazivaa tena, mwachie mtu. Kwetu hiyo ni zawadi ya maana kabisa.

Mzee_wa_Kasese

Habari ndugu zangu wa Tanzania na Kenya. Niko huku Rwenzori upande wa Uganda, mlima wetu ni wa maji toka chini mpaka juu, ukipita kinamasi cha Bigo hata pale wameweka mbao bado kuna matope ya kutosha. Sisi tunatembea na gambuti, mgeni na mpagazi wote, kiatu cha kupanda mlima kinatoka kwa begi ukifika karibu na barafu, kule kibanda cha Elena ambako ni zaidi ya mita 4,500. Maji ya nje hayaingii kwa gambuti lakini jasho halitoki, kwa hiyo jioni kwa kibanda unatoa soli ya ndani, unapindua gambuti linaning'inia juu ya msumari, na unapanguza ndani na kitambaa. Mtu ambaye hapanguzi, siku ya tatu miguu inanuka na ngozi inatoka.

Kwa Machame gambuti halihitajiki, njia yenu ni mawe mengi huko juu, kifundo kitaumia. Ila ile soli ya ndani kutolewa kila jioni, usisahau, hapo ndipo maji hujificha.

Pangani_Tanga

Jamani asanteni sana, sikutegemea majibu ya namna hii. (Ni dada, @Njia_ya_Whiskey, ulipatia.) Nimeshaandika orodha: soksi nne za sufu, raba za kambini, geita za kukodi, pauda, kipande cha kanga, mifuko ya mkate. Na @Mgumu_wa_Mweka nimeshawatumia wenzangu ujumbe wako kwenye grupu letu la WhatsApp, tumekubaliana tutaiuliza kampuni kuhusu viatu vya wapagazi kabla hatujalipa pesa iliyobaki.

Maswali mawili ya mwisho. Nimesikia habari ya kulala na chupa ya maji ya moto, inakuwaje? Na usiku wa kilele pale kambi ya Barafu, tunaondoka saa sita usiku, miguu niiandae vipi kama viatu bado vina unyevu?

Njia_ya_Whiskey

Chupa iwe ngumu, ya mfuniko wa kukaza, zile za maji ya dukani laini zinasinyaa na kuvuja. Ukimaliza kula mwombe mpishi akujazie maji ya moto, kaza, igeuze juu chini uone kama inavuja, ivalishe soksi moja ya kutembea ile yenye unyevu ili isikuunguze, iweke kwenye slipingi begi nusu saa kabla hujaingia. Ukiingia ianze mapajani, damu inayoshuka miguuni inapita hapo ikiwa ya moto, baadaye isukume mpaka kwenye nyayo. Asubuhi soksi imekauka na maji unayanywa.

Ila Barafu zingatia kitu kimoja, pale hamna maji. Yanabebwa na vijana kutoka kambi ya Karanga kwa mabega. Kwa hiyo usiombe ya kunawia miguu, jifute tu, na yale ya kwenye chupa ndo hayohayo utakayopanda nayo kileleni. Ukiondoka iweke chupa kichwa chini kwenye begi, maji yanaanza kuganda juu, hivyo mdomo wa chupa unabaki wazi.

Kuhusu viatu, Barafu mnafika mchana, kambi iko kama mita 4,670, jua likiwepo toa kila kitu nje, viatu, soli za ndani, soksi, vikae juani mpaka vivuli vifike. Kila mita 1,000 ukipanda joto linashuka kama nyuzi 6, kwa hiyo kile ambacho Shira kilikuwa ubaridi tu hapo juu kinagandisha. Soli za ndani lala nazo kwenye slipingi begi, viatu vikiwa na unyevu vifunge kwenye mfuko uvilaze nao miguuni, najua vina tope, mfuko ndo kazi yake.

Kula chakula cha jioni hata kama hamu huna, mwili hauna cha kuchoma kama hujala. Mkiamshwa saa tano, kaa kwanza ndani ya slipingi begi unywe chai, vidole uvichezeshe humohumo mpaka visikie moto, halafu soksi nzito kavu uliyoitunza wiki nzima. Kiatu kikiwa bado kina unyevu tumia ule mfuko wa mkate wa jamaa wa Nanyuki, soksi nyembamba ndani, mfuko, halafu soksi nzito juu, jasho linabaki kwa ndani na unyevu wa kiatu haukufikii ngozini. Lakini jaribu mpangilio huo mapema, hata Karanga, uone kama kiatu hakibani, usiku wa kilele si wakati wa kugundua. Kamba za kiatu zisikazwe sana mbele, kaza kwenye kifundo tu. Mkisimama kupumzika usisimame kama mti, peleka uzito kidoleni, rudisha kisiginoni, kila mapumziko. Na ukisikia vidole vimeacha kusikia kabisa, sema, usione haya kwamba unachelewesha kundi, mimi nikiwa kiongozi bora nisimame dakika tano nikuvue kiatu nikupashe kuliko kukubeba kushuka.

Mgumu_wa_Mweka

Soksi ukifika Moshi usinunue kwenye maduka ya watalii. Nenda soko la mitumba la Memorial asubuhi, uliza wanaouza nguo za baridi, za sufu zipo. Nenda na kiatu chako ujaribishie hapohapo.